Mitutu ya Dameski: Ndani Inang'aa, Ukuta Umekwisha

Bunduki ya kisa hiki ni ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, geji 12, kazi ya Birmingham, Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19. Mitutu ni ya Dameski, yaani ya fito za chuma zilizosokotwa na kufuliwa pamoja hadi zikaacha maua juu ya uso, urefu wa inchi 30 (sm 76). Mfumo wa kufyatulia ni ule wa Anson na Deeley uliopewa hataza mwaka 1875, usio na nyundo za nje. Bunduki za namna hii hupita minadani Uingereza kila msimu, na maelezo yake kwenye katalogi hufanana: rangi ya mitutu imerudishwa upya, ndani safi kabisa, chemba (mahali risasi inapokaa) zimerefushwa kufika mm 70. Mnunuzi amelipa. Kabla ya kuipiga ameipeleka kwa fundi bunduki akiwa na swali moja tu: je, naweza kuitumia na risasi za dukani?

Vipimo vilivyomo humu ni vya bunduki ya mfano, ila kila kasoro iliyomo ni ya kawaida kwenye mitutu ya umri huu.

Mafundi wengi wakisikia neno Dameski hujibu palepale: usiipige, itundike ukutani. Jibu hilo limeokoa vidole vya watu, lakini sababu yake haijasimama vizuri. Bunduki nyingi za Dameski zimepelekwa kwenye majaribio ya baruti isiyo na moshi zikapita na kugongwa muhuri, na mitutu ya chuma cha pua (feleji) ya miaka ya 1920 imepasuka mikononi mwa wenyewe. Maua yaliyoko juu ya mtutu hayakwambii chochote kuhusu chuma kilichobaki. Cha kupima ni unene, na mahali unene huo ulipo.

Alama zilizo chini ya mitutu

Mitutu huchomolewa kwenye bawaba na kugeuzwa juu chini. Sehemu bapa zilizo chini ya chemba ndizo cheti cha bunduki. Uingereza ina nyumba mbili za kujaribia bunduki. Moja ni ya London, ya chama cha mafundi kilichopata hati ya kifalme mwaka 1637. Ya pili ni ya Birmingham, iliyoundwa kwa sheria ya bunge mwaka 1813. Bunduki inayouzwa nchini humo lazima iwe imejaribiwa kwa shehena (baruti na chembe za marisau) yenye presha kubwa kuliko ya kawaida, katika mojawapo ya nyumba hizo au katika nyumba ya nchi ambayo muhuri wake unatambuliwa. Chini ya Sheria ya Majaribio ya 1868 na zilizoifuata, ni kosa kuuza bunduki ambayo imetoka nje ya jaribio lake, yaani ambayo vipimo vyake si tena vile ilivyojaribiwa navyo.

Yetu ina fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji, alama ya Birmingham kabla ya mwaka 1904. Ina tarakimu 12 juu ya herufi C ndani ya umbo la msambamba, iliyoanza kutumika mwaka 1887, maana yake chemba ya geji 12 ya urefu wa kawaida. Ina neno CHOKE, yaani mtutu umebanwa mdomoni. Na ina 12 nyingine peke yake, ambayo ni kipimo cha tundu la mtutu.

Alama isiyokuwepo ndiyo muhimu zaidi. Hakuna herufi NP chini ya taji, wala maneno ya jaribio la nitro, yaani baruti isiyo na moshi, yaliyoanza kugongwa mwaka 1896. Bunduki hii ilijaribiwa kwa baruti nyeusi peke yake. Shehena ya kawaida ya zama zake ilikuwa dramu 3 za baruti nyeusi, karibu g 5.3, na wakia moja na moja ya nane za marisau, g 32. Shehena hiyo huleta presha ya kilele ya bar 350 hadi 450 hivi. Risasi ya geji 12 ya leo, kwa viwango vya CIP, tume ya kimataifa ya majaribio ya bunduki, vinavyofuatwa Ulaya, inaruhusiwa kufika bar 740. Kwa viwango vya Marekani ni psi 11,500, sawa na bar 793.

Ile 12 ya tundu inahitaji kusomwa kwa makini. Mfumo wa wakati huo haukuandika kipenyo kamili, uliandika daraja. Mtutu ulipimwa inchi 9 kutoka nyuma. Ukipokea kipimo cha inchi 0.729 (mm 18.52) na kukataa cha 0.740 (mm 18.80), uligongwa 12. Ukipokea 0.740 uligongwa 12/1. Kwa hiyo mtutu wenye alama ya 12 huenda ulianza na 0.730 au na 0.738, na muhuri hausemi ni upi. Kuanzia kanuni za 1954 vipenyo viligongwa kwa elfu za inchi na utata huo ukaisha, lakini bunduki za kabla ya hapo ndizo nyingi mikononi mwa watu.

Kupima, na mpangilio wake

Kwanza usafi. Madini ya risasi na plastiki zilizoganda ndani hupunguza kipenyo na kuficha vishimo, kwa hiyo mitutu husuguliwa kwa brashi ya shaba na mafuta ya kuyeyusha hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe. Baadaye huelekezwa kwenye dirisha lenye mstari mmoja wa mlalo, na jicho hufuata kivuli cha mstari huo ndani ya tundu. Kivuli kikikatika au kupinda, pana kibonyeo au uvimbe. Mtutu huzungushwa taratibu, kisha unatazamwa tena kutoka upande wa pili.

Baada ya hapo mitutu hutundikwa kwa uzi kupitia ndoano yake ya chini na kugongwa kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama kengele, lehemu inayoshika mitutu na tepe za juu na chini ni nzima. Ikitoa sauti ya mkwaruzo, lehemu imeachia mahali na maji yamepata njia. Chini ya utepe uliolegea huwa kuna kutu isiyoonekana kutoka nje wala ndani, na hapo ni mahali ambapo kipimo cha ukuta hakisomi vizuri.

Chemba hupimwa kwa plagi ya duara yenye kipenyo cha mm 20.3 na mistari ya urefu. Inasimama pale shingo, yaani sehemu inayopunguza kipenyo kutoka chemba kwenda kwenye tundu, inapoanza kubana. Yetu ilisimama mm 70, na katalogi ilikuwa imeshasema hivyo. Lakini chemba ya asili ilikuwa mm 65, na hakuna muhuri mpya wa mm 70 wala jaribio jipya. Mtu ameingiza kikwangulio, amerefusha, amefunga. Kwa hilo peke yake mitutu yote miwili imetoka nje ya jaribio, hata kama vipimo vingine vyote vingekuwa safi.

Kipenyo cha tundu huchukuliwa kwa kipimo cha saa chenye miguu ya ndani, kilichowekwa sifuri kwenye pete iliyothibitishwa, kila mm 25 kutoka shingoni hadi kwenye choki. Kipimo cha kisheria ni kile cha inchi 9, lakini orodha nzima ndiyo inayoeleza historia. Tundu lililopanuka sawasawa urefu wote limesuguliwa na mashine. Lililopanuka mahali pamoja lilikuwa na uvimbe au lilikwanguliwa kuondoa shimo.

Mwisho ni ukuta. Chombo chake ni fimbo ndefu iliyosimama kwenye kitako kizito, yenye ncha ya mviringo juu, na saa ya kupimia inayogusa nje ya mtutu mkabala na ncha hiyo. Mtutu huvishwa kwenye fimbo na kuzungushwa. Hapa ndipo pana uzembe mwingi: mtu anachukua masomo mawili matatu na kuandika wastani. Mtutu wa zamani karibu haukosi kuwa na tundu lililokaa pembeni kidogo ya kitovu, kwa hiyo upande mmoja ni mnene na wa pili mwembamba. Masomo manane kuzunguka, kila mm 25, na kinachoandikwa ni dogo kuliko yote, si wastani. Presha haipasui wastani.

Matokeo ni haya. Mtutu wa kushoto: tundu mm 18.85 (inchi 0.742) kwenye inchi 9, ukuta mwembamba kuliko wote mm 0.61 ukiwa sm 53 kutoka nyuma, mm 1.00 kwenye inchi 9, mm 2.15 mwisho wa chemba. Mtutu wa kulia: tundu mm 18.72 (inchi 0.737), ukuta mwembamba mm 0.46 ukiwa sm 50 kutoka nyuma upande wa nje, mm 0.90 kwenye inchi 9, mm 2.10 mwisho wa chemba.

Tazama tofauti hiyo vizuri. Kwa kipenyo cha tundu, mtutu wa kushoto umetoka nje ya alama yake kwa sababu umevuka 0.740, na wa kulia bado umo ndani. Lakini wa kulia ndio mwembamba zaidi, tena kwa mbali. Muhuri wa zamani unafuatilia chuma kilichotoka ndani tu. Chuma kilichotoka nje kwa tupa na msasa hauna habari nacho. Sheria ya Uingereza haina kiwango cha chini cha unene wa ukuta.

Chuma hicho kilikwenda wapi? Upande wa nje wa mtutu wa kulia ndio unaogonga nguzo ya lango na mlango wa gari. Kibonyeo huinuliwa kutoka ndani kwa jeki ya kibonyeo, kisha nje hupitishwa tupa na msasa ili uso ulale sawa. Kabla ya kurudisha rangi ya Dameski uso wote husuguliwa tena hadi chuma cheupe, kwa sababu maua hayatoki juu ya kutu ya zamani. Mara tatu nne katika miaka zaidi ya mia, na nusu ya ukuta imekwisha huku bunduki ikizidi kupendeza. Ndani nako vishimo vya kutu vimesuguliwa hadi kioo. Mnunuzi akisoma "ndani safi kabisa" kwa bunduki ya miaka 130 iliyopiga baruti nyeusi, ajiulize vishimo vilikwenda wapi. Mtutu wenye madoa machache na ukuta wa mm 0.75 ni mali bora kuliko huu, ingawa mnadani utauzwa kwa bei ya chini.

Mafundi wa Uingereza wana vipimo vyao vya benchi, ambavyo si sheria. Chini ya mm 0.51 (inchi 0.020) mahali popote, wanasita. Kwenye inchi 9 wanataka mm 1.0 au karibu na hapo. Mwisho wa chemba wanapenda kuona mm 2.3 kwenda juu. Bunduki hii imeanguka mahali pote patatu kwa mtutu wa kulia, na mahali pamoja kwa wa kushoto.

Hesabu ya mwisho wa chemba

Watu huogopa namba ndogo, ile 0.46. Inayotisha zaidi ni 2.10, na hapa inafaa kupiga hesabu.

Presha ya risasi ya marisau hufika kilele marisau yakiwa yamesogea sm chache tu, kisha hushuka upesi. Kufika inchi 9 imebaki sehemu ndogo ya kilele, na karibu na mdomo ni makumi ya bar. Ndiyo maana mtutu umechongwa mnene nyuma na mwembamba mbele. Tuseme kwenye sm 50 kuna bar 80, sawa na MPa 8. Kwa ukuta mwembamba, mkazo wa kuzunguka ni presha mara nusu kipenyo, gawa kwa unene: 8 × 9.36 ÷ 0.46, inakuja MPa 163. Chuma laini cha kufua huvunjika kikivutwa kwa takriban MPa 300 hadi 350. Kwa hiyo mtutu unashika, na utaendelea kushika maadamu tundu liko wazi na hakuna kibonyeo kipya. Akiba ni ndogo, lakini ipo.

Nyuma hali ni nyingine. Ukuta ni mnene kiasi kwamba kanuni nyepesi haifai, tunatumia ya Lamé: presha mara jumla ya miraba ya nusu vipenyo vya nje na ndani, gawa kwa tofauti yake. Nje, kwenye mm 70 kutoka nyuma, nusu kipenyo ni mm 12.25. Kabla ya kurefusha chemba, sehemu hiyo ilikuwa tayari ndani ya shingo inayobana, nusu kipenyo cha ndani kama mm 9.8, ukuta mm 2.45. Kwa bar 740 mkazo kwenye uso wa ndani ni MPa 337. Baada ya kikwangulio, nusu kipenyo cha ndani ni mm 10.15 na ukuta mm 2.10. Presha ileile sasa inaleta MPa 398. Ongezeko ni asilimia 18, kwa mm 0.35 za chuma, na limetokea mahali ambapo presha bado iko karibu na kilele chake.

Kwa shehena ya zamani ya bar 450, namba mbili hizo ni MPa 205 na 242. Yaani bunduki kama ilivyotoka kiwandani, na risasi za zama zake, ilikuwa na nafasi ya kutosha. Bunduki hiyohiyo baada ya "kuboreshwa", ikipewa risasi ya dukani iliyofika kikomo chake, inazidi nguvu ya chuma cha kufua.

Hesabu hii ni ya kulinganisha hali mbili, haitoi kibali. Mkazo wa Lamé ni wa uso wa ndani tu, chuma cha nje kinabeba pungufu ya hapo, na mzigo wenyewe unadumu kwa muda mfupi mno. Ndiyo maana mtutu kama huu unaweza kupigwa mara nyingi bila dalili yoyote. Kila pigo likipitisha chuma mpaka wake wa kunyumbuka kwa kiasi kidogo, tundu hutanuka kidogo bila kurudi, na mwenyewe haoni.

Urefu wa risasi

Chemba hurefushwa kwa sababu ya kweli: risasi za mm 65 hazipatikani kila duka, na za mm 70 zimejaa. Mtego uko kwenye namba yenyewe. Urefu ulioandikwa ni wa ganda lililokwisha kufunguka. Risasi ya mm 70 iliyofungwa kwa mikunjo ya nyota haifiki hata mm 60 kabla ya kupigwa, kwa hiyo inaingia kwenye chemba ya mm 65 bila kugoma na bunduki inafunga kwa raha. Ikipigwa, mikunjo inafunguka ndani ya shingo, inabana njia ya kizibo (kinachotenga baruti na marisau) na ya marisau yenyewe, na presha inapanda. Kiasi gani inategemea unene wa ganda, aina ya kizibo na ukali wa shingo. Kwenye bunduki nzito mpya huenda isionekane. Kwenye ya zamani yenye ukuta mwembamba na chemba ya mm 65, hujumlishwa juu ya upungufu uliokuwepo. Maganda yaliyopigwa hivyo hutoka na ncha zilizochanika au kukwaruzwa, na mwenye bunduki akiziona asimame hapohapo akapime chemba.

Kosa la pili ni kudhani kwamba risasi ya mm 65 lazima iwe ya presha ya chini. Urefu na presha ni mambo mawili. Risasi fupi inaweza kujazwa hadi kikomo kilekile cha bar 740. Boksi la risasi ndilo la kusomwa: urefu wa chemba unaotakiwa, kiwango cha jaribio cha bunduki inayoruhusiwa, na uzito wa marisau. Marisau ya g 24 au 28 hupunguza teke na uchovu wa mbao, lakini si uthibitisho wa presha ndogo. Baruti yenye kasi kubwa chini ya g 24 inaweza kuwa na kilele cha juu kuliko baruti ya polepole chini ya g 32. Hiyo ya polepole nayo hubeba presha yake mbele zaidi, hadi pale ambapo ukuta wa mtutu wa kulia una mm 0.90 tu.

Kwa bunduki za baada ya 1954 zenye muhuri wa tani 3 kwa inchi ya mraba, kuna mtego mwingine wa kikokotoo. Tani 3 zikibadilishwa moja kwa moja hutoa bar 463, na mtu anadhani bunduki ni dhaifu kuliko ilivyo. Namba hiyo ilitoka kwenye vipande vya madini vilivyobonyezwa na gesi, njia iliyosoma chini kuliko vihisi vya umeme vya leo. Hailinganishwi na bar za CIP bila jedwali la nyumba ya majaribio.

Marisau ya chuma ni mjadala mfupi. Hayaingii kwenye mtutu huu. Hayabonyei yanapopita kwenye choki iliyobanwa sana, na ukuta mwembamba wa zamani huvimba pete karibu na mdomo.

Dameski yenyewe

Mtutu huu ulianza kama fito za chuma laini na chuma cha pua, zikabadilishana safu, zikapashwa moto, zikasokotwa. Fito mbili au tatu zilizosokotwa ziliunganishwa kuwa utepe, utepe ukazungushiwa kwenye fimbo, na kingo zikafuliwa pamoja kwa nyundo hadi bomba likakamilika. Mafundi wa bonde la Vesdre, karibu na Liège, Ubelgiji, walilisha viwanda vya nchi nyingi kwa mabomba haya, ya Birmingham yakiwemo.

Udhaifu wake ni mshono. Mtutu mmoja una mita nyingi za kiungo cha kufua, na popote pale takataka ya moto ilipobaki kati ya nyuso mbili, kiungo hakikushika. Baruti nyeusi huacha chumvi zinazovuta unyevu. Kutu huanza kwenye mshono na kuufuata ndani ya ukuta kwa namna ambayo chuma cha kipande kimoja hakifanyi. Ndani ya tundu mistari ya kutu inayofuata mzunguko wa maua ni dalili mbaya kuliko vishimo vilivyotawanyika ovyo. Kipimo cha ukuta hakiioni: kinasoma mm 2.10 hata kama nusu milimita ya katikati ni kutu. Hapo ndipo mafundi wanaosema "usiipige" wanapopata hoja, na ni hoja ya kweli.

Aina za kuthibitisha zaidi, kama vile rangi inayopenya kwenye nyufa au unga wa sumaku, husaidia kwa mshono uliofunguka hadi juu ya uso. Ule uliozama hauonekani. Jaribio la baruti kwenye nyumba ya majaribio ndilo linalougusa kweli, na linaweza kuumaliza mtutu.

Tahadhari moja ya pembeni: kuna mitutu ya chuma cha pua cha kawaida iliyochorwa maua ya Dameski kwa asidi ili iuzike. Kusuguliwa kidogo chini ya mbao ya mbele, pasipoonekana, kutaonyesha kama maua yanaendelea ndani ya chuma au ni ya juu tu. Na kwa mitutu yoyote iliyoungwa kwa lehemu laini, rangi nyeusi ya kuchemshwa kwenye chumvi za moto ni marufuku. Inakula lehemu, na tepe zinafunguka wiki au miezi baadaye.

Inapopasukia

Mahali pa mpasuko pana maelezo yake. Ukianzia kwenye chemba na kurudi nyuma, tafuta presha ya kupita kiasi: baruti mara mbili, baruti ya aina nyingine, au ukuta wa chemba uliokwanguliwa. Pete ya uvimbe au mpasuko mbele, iwe katikati au karibu na mdomo, ni kizuizi: kizibo kilichobaki, tope, theluji, kitambaa cha kusafishia. Risasi iliyotoa mlio hafifu ni amri ya kusimama, kufungua na kutazama ndani kabla ya kutia nyingine.

Mpasuko wa sm chache mbele ya chemba, palepale mkono wa kushoto unaposhika, mara nyingi una jina moja. Risasi ya geji 20 imetangulia. Ukingo wake una kipenyo karibu mm 19.4, mdogo kuliko chemba ya geji 12 na mkubwa kuliko tundu, kwa hiyo unateleza na kunasa kwenye shingo. Anayefungua huona chemba tupu, anadhani alisahau kutia, anaweka ya geji 12 nyuma yake. Hakuna mtutu, wa Dameski wala wa chuma cha pua ulio mpya kabisa, uliotengenezwa kuhimili hilo. Ndiyo maana maganda ya geji 20 yalichaguliwa kuwa ya njano, na ndiyo maana mifuko yenye risasi mchanganyiko haifai kuwepo.

Afrika Mashariki hakuna nyumba ya majaribio. Bunduki za Uingereza zilizobaki katika familia Kenya na Tanzania zimepitia unyevu mwingi kuliko zile za makabati ya Ulaya, hasa zilizokaa mwambao, na mhuri wake wa Birmingham ni wa siku ilipotoka huko. Magobore yaliyotengenezwa na mafundi wa vijijini ni suala jingine kabisa: bomba la maji lina mshono wa kuchomelea urefu wote, na hakuna kipimo cha ukuta kinachoweza kulifanya kuwa mtutu.

Uamuzi

Njia ya kurudi kwenye baruti nyeusi peke yake ilifungwa na chemba. Risasi za presha ya chini zinapunguza mzigo, lakini bunduki inabaki nje ya jaribio, haiuziki kihalali, na siku moja mtu mwingine ataifungulia boksi la dukani. Kuipeleka Birmingham ikajaribiwe upya ilivyo ni kulipa ili ikataliwe: wakaguzi huitazama kabla ya kuipiga.

Kuvishwa bomba jembamba la chuma kutoka nyuma hadi mbele kungehifadhi maua ya Dameski. Lakini kazi hiyo inakwangua tundu zaidi ili bomba likae, na ukuta wa mm 0.46 hauna cha kutoa. Viini vya kupunguza geji, vile vifupi vinavyokaa kwenye chemba, huacha sehemu ya mbele ya mtutu kama ilivyo.

Kilichobaki ni kubadilisha mitutu kwa kukata. Sehemu ya nyuma yenye ndoano za bawaba, karibu inchi 3, hubaki. Hutobolewa, mabomba mapya ya chuma cha pua hupitishwa ndani yake hadi nyuma, hushikwa kwa lehemu au kuchomelewa, na chemba mpya hukatwa ndani ya chuma kipya. Chuma cha zamani kinabaki kuwa ganda la nje tu. Kabla ya kulipia kazi hiyo, sehemu ya kufyatulia inapaswa kuthibitishwa: bawaba isiyocheza mitutu ikitikiswa bila mbao ya mbele, na karatasi ya sigara inayobanwa kati ya mitutu na uso wa nyuma pande zote mbili. Karatasi ikichomoka bila kuchanika, bawaba irekebishwe kwanza.

Yetu ilishika karatasi. Mitutu mipya itabeba neno SLEEVED, yaani iliyovishwa mabomba mapya, muhuri wa nitro wa Birmingham, kipenyo cha tundu kwa namba kamili na urefu wa chemba. Thamani ya mnadani itashuka, maua yataishia inchi 3 kutoka nyuma, na fundi ataandika kwenye kadi ya bunduki unene wa kila mtutu mpya kwenye inchi 9 na mahali ulipo mwembamba, ili atakayeisugua baadaye awe na namba ya kuanzia.